Hofu ya Damu Mlimani

Mazungumzo yetu ya jioni hii ni juu ya jambo ambalo maelfu ya watu hulipia fedha nyingi kila mwaka katika njia za Kilimanjaro, wakalipata kwa ukamilifu na wasilitambue: kwamba mwili wa binadamu, ukipelekwa mahali penye uhaba wa hewa, huingiwa na hofu kabla mwenye mwili hajapata habari, na pengine mwenye mwili huwa katika furaha na bashasha, anapiga picha na kuimba, ilhali damu yake imekwisha kujaa kila alama ya mtu aliyekabiliwa na hatari ya kufa.

Kwanza tuelewane juu ya hewa yenyewe, maana husemwa kila siku kwamba juu ya mlima hakuna oksijeni, na kauli hiyo haina usahihi. Ukiichukua hewa ya ufukweni Dar es Salaam na hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ukazipima sehemu zake, utakuta kwamba katika kila sehemu mia oksijeni ni kama sehemu 21 huku na huko, wala hakuna upande uliodhulumiwa. Kinachopungua ni uzito wa hewa yote inayotulemea, ambao pwani huinua zebaki katika bomba la kipimo hadi milimita 760, na kileleni hubaki kama nusu tu ya hapo. Na kwa kuwa uzito huo ndio unaoisukuma oksijeni kutoka mapafuni kuingia katika damu, mtu aliye kileleni huvuta pumzi iliyo kamili kwa ujazo na pungufu kwa manufaa.

Kwamba upungufu huu huingia bila ya kubisha hodi, Wafaransa walilijua kwa msiba. Tarehe 15 Aprili 1875 watu watatu, Gaston Tissandier, Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel, walipanda angani kutoka Paris kwa puto lililoitwa Zénith, wakichukua mifuko ya oksijeni kwa shauri la mwanachuoni Paul Bert, ambaye alikuwa amekwisha kuwaingiza wawili kati yao katika chumba chake cha chuma na kuwapunguzia hewa ili waionje hali ya huko juu. Bert, alipopata habari ya kiasi cha oksijeni walichokusudia kwenda nacho, aliandika barua kuwaonya kwamba hakitoshi, lakini barua ilichelewa. Tissandier, ambaye ndiye aliyesalia kusimulia, alieleza kwamba katika kimo kile hakuona maumivu wala woga. Aliona raha moyoni, kana kwamba nuru iliyowazunguka ndiyo iliyoileta, akawa hajali kupanda wala kushuka. Alitaka kutamka kwamba wamefika mita 8,000, ulimi ukagoma. Alitaka kuushika mpira wa oksijeni, mkono haukuinuka. Alipozinduka kwa mara ya mwisho puto lilikuwa likishuka, na wenzake wawili wamekwisha kufa, vinywa vyao vimejaa damu.

Sasa mtu atauliza kwa haki: iweje kiumbe aliyeumbwa na hadhari nyingi kiasi hiki afurahi akielekea kufa? Jawabu ni kwamba ile dhiki ya kukosa pumzi tunayoijua sote, ambayo humshika mzamiaji aliyechelewa kuibuka, aghalabu haitokani na upungufu wa oksijeni. Hutokana na kujaa kwa kabonidioksidi ambayo haikupata njia ya kutoka. Mlimani kabonidioksidi haijai, kwa sababu mpandaji anahema kwa kasi na kuitoa hata kupita kiasi, na akili, iliyozoea kuamshwa nayo, hukaa imetulia. Anayeamka ni mwingine. Shingoni, kila upande, mahali mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika panda mbili, mmoja ukielekea usoni na mmoja ubongoni, pamewekwa kijitezi kisichozidi punje ya mchele, ambacho kwa kadiri ya uzito wake hupitiwa na damu nyingi ajabu, na kazi yake ni kuionja damu hiyo usiku na mchana ili kuona kama oksijeni imo ya kutosha. Fernando de Castro wa Madrid alikichungua kwa darubini akakisia kazi yake, na Corneille Heymans wa Ghent, katika Ubelgiji, akaithibitisha kwa majaribio, akatunukiwa nishani ya Nobel ya mwaka 1938.

Kijitezi hiki kikionja upungufu hakimwarifu mwenye mwili. Hupeleka habari katika shina la ubongo, mahali pasipofikiwa na fikira, na huko hutolewa amri mbili kwa pamoja: mapafu yaheme kwa kasi, na ile mishipa ya fahamu ambayo haitii hiari ya mtu iamke yote. Baadhi ya mishipa hiyo huteremka hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya mafigo, nazo humwaga katika damu adrenalini, homoni ambayo Mjapani Jokichi Takamine aliitangaza kuwa ameisafisha, huko Marekani, mwaka 1901. Moyo hupiga mbio, ini huachilia sukari, matumbo husita katika kazi yake, usingizi hukimbia. Ni matayarisho yale yale ambayo mwili hufanya mtu akisikia mlango wake ukivunjwa usiku wa manane, ila hapa hapana mlango wala mwizi, na mtu mwenyewe ameketi kitako anakunywa chai ya tangawizi.

Atakaye kuliona jambo hili kwa macho na alale jioni moja katika kibanda cha Kibo, kiasi cha mita 4,700, ambako wapandaji wa njia ya Marangu hujinyoosha kwa saa chache kabla ya kuamshwa karibu na saa sita ya usiku. Mwongozaji hupita kitanda kwa kitanda na kibanio kidogo cha kidoleni chenye taa nyekundu, akisoma tarakimu mbili. Ya kwanza ni kiasi cha oksijeni katika damu, ambacho pwani kilikuwa 97 au 98 kwa mia, na hapa huwa kama 80 na mara nyingine chini yake. Ya pili ni mapigo ya moyo, ambayo kwa mtu aliyelala chali, asiyeinua hata kikombe, huweza kufika 100 kwa dakika. Muulize mtu huyo kama anaogopa, atakuapia kwamba haogopi, na atakuwa mkweli. Akishikwa na lepe la usingizi pumzi zake huenda kwa zamu: huhema kwa nguvu, kisha zikafifia, kisha zikasimama kabisa kwa sekunde kadhaa, jirani akabaki ametega sikio, halafu zikarudi kwa kishindo na mwenyewe akagutuka moyo unamdunda. Angelo Mosso wa Torino alizieleza pumzi za namna hii katika kibanda cha juu ya mlima wa Monte Rosa, mita 4,554, kilichofunguliwa mwaka 1893 na kupewa jina la Malkia Margherita. Wapagazi wa Kibo, ambao wamelala ukuta kwa ukuta na wageni wa kila kabila, hawakungoja kuelezwa.

Lakini adrenalini haikai. Pikes Peak, katika jimbo la Colorado, ni mlima ambao kilele chake, mita 4,302, hufikiwa kwa garimoshi, na kwa ajili ya wepesi huo wataalamu wameupenda tangu John Scott Haldane na wenzake walipoketi huko majira ya joto ya mwaka 1911. Baadaye jeshi la Marekani likajenga maabara pale pale juu. Watu wa nchi za chini walipandishwa, wakakaa wiki kadhaa, damu yao ikapimwa na mkojo wao ukakusanywa siku baada ya siku, na kilichopatikana kilikuwa na mpango ambao haukutazamiwa. Adrenalini ilipanda katika siku za kwanza, kisha ikashuka kuelekea kiwango chake cha kawaida, kana kwamba mwili umeridhika. Noradrenalini, ndugu yake wa karibu, ambayo sehemu yake kubwa haitoki katika tezi za juu ya mafigo bali katika ncha za mishipa ya fahamu zilizoenea mwili mzima, ilianza kwa utaratibu, ikapanda siku hata siku, ikafika upeo karibu na mwisho wa wiki ya kwanza, na ikakaa huko huko. Mmoja ana papara na husahau upesi. Wa pili hana haraka, na hasahau. Binafsi naona kwamba katika habari yote ya homoni za mlimani hapana kilicho kikubwa kuliko tofauti hii, kwa sababu mpandaji anayejisikia yu mzima siku ya nne, ambaye moyo wake umetulia kidogo na hamu ya chakula imemrudia, hudhani mlima umekwisha kumkubali, na kumbe ile hofu yake imehama tu nyumba.

Aliyeitambulisha noradrenalini kuwa ndiyo inayotumiwa na mishipa hiyo ni Ulf von Euler wa Stockholm, mwaka 1946, na kwa sadfa ya ajabu, mwaka huo huo yeye na mwenzake Göran Liljestrand walitangaza jambo jingine walilolikuta kwa paka: kwamba mishipa ya damu ya mapafuni, ikikosa oksijeni, hujikaza. Mishipa ya sehemu nyingine za mwili, kama ya misuli, ikikosa oksijeni hulegea ili damu zaidi ipite. Ya mapafu hufanya kinyume, na kwa mtu wa pwani kuna maana njema ndani yake, maana damu huepushwa na pembe ya pafu isiyoingiza hewa na kupelekwa penye hewa. Mlimani hakuna pembe yenye heri kuliko nyingine. Mapafu yote hujikaza kwa pamoja, msukumo wa damu ndani yake hupanda, na kwa watu wengine, hasa waliopanda kwa haraka na kwa juhudi, maji huvuja kutoka mishipani na kuingia katika vifuko vya hewa. Mgonjwa wa namna hii husikika akikoroma kifuani kama anayechemka, hukohoa povu lenye wekundu, na dawa yake kubwa ni kuteremshwa pasi na kungoja mapambazuko; ndiyo maana pale Kilimanjaro ziko machela zenye gurudumu moja, na vijana sita au wanane hukimbia nazo gizani kwa ustadi ambao haujapata kuandikiwa sifa inayostahili.

Kuhusu moyo nitasema kwa ufupi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1960 na 1961, katika msafara ulioongozwa na Edmund Hillary, wataalamu waliokuwa chini ya Griffith Pugh walikaa miezi katika nyumba ndogo ya mbao iliyopakwa rangi ya fedha, mita 5,800 huko Nepal, wakiendesha baiskeli isiyokwenda popote huku wakipimana. Mtu akipumzika, moyo wake ulipiga zaidi kuliko pwani. Lakini akijikamua hadi mwisho wa nguvu zake, moyo haukuweza kupiga kwa kasi ile iliyomjia kwa wepesi chini. Inaaminika kwamba sehemu ya sababu ni hii: moyo ukipigiwa kelele na noradrenalini kwa wiki nyingi, hupunguza idadi ya milango inayoipokea. Amri huendelea kutolewa kwa sauti ile ile, na utii hupungua.

Iko homoni ya tatu, kotisoli, ambayo hutoka katika ganda la tezi zile zile za juu ya mafigo kwa amri ya tezi iliyo chini ya ubongo, na ambayo kwa kila mmoja wetu hupanda alfajiri na kushuka jioni bila ya mlima wowote. Katika vimo vya wastani haishughuliki sana. Ikivukwa mita 4,000 na kitu hupanda siku za mwanzo, na hupanda zaidi kwa wanaougua, kisha kwa wengi hurudi chini. Ajabu yake ni kwamba homoni hii ya dhiki, ikitengenezwa kiwandani kwa sura yenye nguvu nyingi zaidi na kuitwa deksamethasoni, ndiyo dawa ambayo waganga huitegemea ubongo wa mpandaji unapovimba, naye akawa anapepesuka kama mlevi na kushindwa kuhesabu vidole vyake; humfungua macho kwa saa chache, apate kuteremka kwa miguu yake. Wako wanaoimeza ili wapande, si ili washuke. Hao hawajui walichokinunua, kwa maana dawa hiyo haiuzoeshi mwili hewa haba hata kidogo; huyafunika maradhi, na vidonge vikiisha njiani maradhi hufunuliwa yakiwa na nguvu zake zote, pengine katika kimo ambacho machela haifiki. Asetazolamidi ni habari nyingine: hiyo huyahimiza mafigo kuutoa ule ukali wa magadi ambao damu huupata mtu anapohema kupita kiasi, na kwa hiyo humruhusu aendelee kuhema vizuri, kazi ambayo mwili ungeifanya wenyewe kama ungepewa siku.

Waongozaji wenye umri mkubwa wana swali ambalo huwaudhi wageni wenye haya, nalo ni kama mtu amekwenda haja ndogo mara ngapi tangu jana. Swali hilo lina elimu ndani yake. Aldosteroni, homoni nyingine ya ganda lile lile, huyaamrisha mafigo kuzuia chumvi, na chumvi huzuia maji. Uhaba wa oksijeni, kwa mtu anayepumzika, huipunguza homoni hiyo, akatokwa na chumvi na maji mengi, damu yake ikawa nzito kidogo na kila kikombe chake kikabeba oksijeni zaidi. Anayekojoa sana mlimani ni mtu ambaye mambo yake yanakwenda sawa. Yule ambaye amevimba kope na vidole, na mkojo umekuwa haba, ndiye wa kutazamwa. Na hapa pana mtego, kwa kuwa mwendo mrefu wa kutwa nzima huipandisha aldosteroni, na hivyo kuchoka kwa juhudi hutengua kile ambacho mapumziko yalikuwa yakikitengeneza.

Wengi husema pia kwamba siku za kuzoea mlima ni za kuongeza chembe nyekundu za damu. Si hivyo, angalau si kwa mpandaji wetu. Ni kweli kwamba mafigo, yakikosa oksijeni, hutoa erithropoietini ndani ya saa chache, na kugundua jinsi chembe za mwili zinavyohisi oksijeni ndiko kulikowapatia Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin nishani ya Nobel ya mwaka 2019. Lakini kutoka amri hiyo hata chembe mpya kuwa nyingi mishipani ni kazi ya wiki, na mtu wa siku sita atakuwa amekwisha kurudi kwao kabla hazijamfaa. Kinachomwokoa ni pumzi na mafigo, na hivyo viwili vinataka usiku kadhaa wa kulala.

Hapo ndipo nina ugomvi kidogo na desturi ya mlima wetu. Neno pole pole limekuwa maarufu Kilimanjaro hata wageni hurudi nalo kwao limechapwa vifuani mwa fulana, na kila mwongozaji hulitamka toka langoni hadi kileleni, naye yu sahihi, maana hatua ya upole haiwashi adrenalini bure. Lakini safari yenyewe huuzwa kwa siku tano, kwa kuwa ada ya hifadhi hulipwa kwa siku na mnunuzi hutazama bei. Mtu akatolewa Moshi, chini ya mita 1,000, na usiku wa tatu akalazwa mita 4,700, na usiku huo huo akaamshwa kupanda nyingine 1,200. Upole wa hatua hauponyi haraka ya ratiba. Noradrenalini yake haijafika hata nusu ya safari yake, mafigo hayajamaliza kazi, na yeye anaambiwa pole pole gizani kwa sauti ya huruma. Anayeongeza siku moja tu pale Horombo, kituo kilicho chini ya Kibo, akapanda mchana hadi kwenye mawe yenye milia na kurudi kulala chini, ameupa mwili wake kitu ambacho fulana haikipi.

Nimalizie kwa habari ya Wadenmaki waliokwenda Bolivia, katika maabara ya Chacaltaya, mita 5,260, juu ya mji wa La Paz, wakakaa huko wiki nne. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003. Kila mmoja alichomwa mguuni, karibu na goti, sindano nyembamba mno iliyoingizwa ndani ya mshipa wa fahamu wenyewe, ikaunganishwa na chombo cha kuusikiliza, na kila mara mshipa ulipotuma amri ya kuikaza mishipa ya damu, chombo kiliandika. Baada ya wiki nne amri hizo zilikuwa takriban mara tatu ya zile za pwani, kwa watu waliokwisha kuzoea, wanaokula, wanaolala, wasiolalamika. Walivutishwa oksijeni, ambayo mtu angetazamia kwamba ingeyamaliza mambo pale pale, na amri zikapungua kidogo tu. Kisha wakarudishwa kwao, ambako kila pumzi ina uzito wake kamili, wakasikilizwa tena siku ya tatu baada ya kufika. Na mishipa ile, katika miguu ya watu waliokuwa wamelala kwa raha kitandani, ilikuwa bado ikipiga mbiu zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa kabla hawajaondoka.